Nani ametoa amri? Hotuba kuhusu orodha zinazoharibika kwenye tovuti zetu

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja wa Mwanga, Kigoma Mjini, mbele ya walimu, makatibu wa vikundi, wenye nyumba za wageni na vijana wanaotunza tovuti. Wenzetu wa Kibondo na Kakonko waliokwamishwa na mvua waliomba niwawekee maneno yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziondoa. Mengine yote yamo.

Mwakeye, ndugu zangu! Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu, dada zangu wa Kibirizi, vijana wa Ujiji ambao naona mmekuja wengi, karibuni nyote.

Nianze na swali. Nani hapa hajawahi kuandika orodha kwenye tovuti, akaipanga vizuri, akabonyeza kitufe cha kuchapisha, halafu akaifungua kwenye simu na kukuta kitu kingine kabisa? Kama yupo, anyooshe mkono.

Sioni mkono hata mmoja.

Namba zimeanza upya katikati. Vidoti vimepotea. Vidoti vimekuwa viwili viwili. Mstari mmoja umejisogeza kulia peke yake. Na sisi tunafanya nini? Tunapigana nayo. Tunafuta, tunaandika upya, tunaweka vistari kwa mkono, tunabonyeza spesi mara kumi mpaka mistari ikae sawa. Kweli inakaa sawa, kwenye kompyuta yetu. Kwenye simu ya mzazi aliyeko Buhigwe inabaki vurugu tupu.

Ndugu zangu, nimekuja kuwaomba jambo moja. Orodha ikiharibika, msipigane nayo. Iulizeni: nani ametoa amri hii? Ukurasa wa tovuti haujiamulii kitu. Kila kidoti unachokiona kimeamriwa kiwepo. Kila kidoti usichokiona kimeamriwa kisiwepo. Kazi yako ni kumtafuta aliyetoa amri, na ukishampata, kazi iliyobaki ni ya dakika mbili.

Kuna mtu ataniuliza, kwa nini tuache shughuli zetu Jumamosi nzima tukajadili vidoti? Nitamjibu kwa kisa ambacho kwangu hakijaisha uchungu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza tovuti ya shule moja ya bweni katika mkoa huu. Jina lake nitaliacha. Kila mwaka tuliweka maelekezo ya kujiunga, na ndani yake orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi mpya anapaswa kuja navyo. Vilikuwa vitu kumi na viwili. Namba 1 sketi za sare, namba 2 sweta, namba 3 nguo za michezo, namba 4 shuka, namba 5 godoro. Kisha jembe, ndoo yenye mfuniko, rimu ya karatasi, na kuendelea. Chini kabisa ya orodha palikuwa na sentensi moja: vitu namba 1 hadi 3 vinapatikana shuleni, mzazi asivinunue mahali pengine.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwalimu mkuu aliniomba niongeze maelezo chini ya godoro, kwamba liwe la futi mbili na nusu kwa sababu vitanda ni vyembamba. Ombi zuri kabisa. Nikaweka kishale mwishoni mwa namba 5, nikabonyeza Enter mara mbili, nikaandika maelezo yale, kisha nikachapisha. Sikuangalia chini. Chini ya maelezo yale, jembe halikuwa tena namba 6. Jembe lilikuwa namba 1. Ndoo namba 2. Rimu ya karatasi namba 3.

Mama mmoja alitoka upande wa Uvinza na binti yake. Alikuwa amesoma ukurasa ule kwenye simu ndogo, ambapo sehemu ya chini peke yake inajaza kioo chote. Akaona jembe, ndoo, rimu: 1, 2, 3. Akaona sentensi inayosema namba 1 hadi 3 vinapatikana shuleni. Mnaona alivyoelewa? Na alikuwa sahihi kuelewa hivyo! Akaenda kwa fundi akashonesha sketi, akanunua sweta sokoni, na akafika getini hana jembe wala ndoo. Sweta ilikataliwa kwa rangi. Sketi zilikataliwa kwa mshono. Alinunua sare mara mbili kwa hela ambayo, aliniambia mwenyewe, ilikuwa ya mbegu.

Mama yule hakukosea kusoma. Orodha ndiyo iliyosema uongo, na ukurasa ule niliuweka mimi.

Tuangalie basi, ni nani aliyetoa amri ya kuanza upya kuhesabu? Orodha kwenye tovuti ni kama gunia. Unafungua gunia, unatia vitu kimoja kimoja, unafunga. Kompyuta inahesabu vitu vilivyomo katika gunia lile: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Haihesabu mistari ya ukurasa. Nilipobonyeza Enter mara mbili, kihariri, yaani ile sehemu ya tovuti tunayoandikia, kilielewa kwamba nimemaliza orodha. Kikafunga gunia. Nikaandika maelezo ya godoro nje ya gunia, na vitu vilivyobaki vikatiwa katika gunia la pili. Gunia jipya linaanza na moja. Kompyuta ilitii amri, na aliyeitoa amri hiyo ni mimi kwa kidole changu, Enter mara mbili.

Dawa yake? Shift na Enter kwa pamoja. Vihariri vingi mnavyotumia vinakubali hivyo. Kishale kinashuka mstari wa chini lakini kinabaki ndani ya kitu kilekile, ndani ya gunia lilelile. Maelezo ya godoro yanakaa chini ya godoro, na jembe linabaki namba 6. Ipo pia njia ya kuiambia orodha ya pili ianze na 6. Kwenye WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, utaiona katika mipangilio ya orodha yenye namba. Mimi siipendi kwa kazi ya namna hii. Mwakani mtu ataongeza kitu kimoja juu, orodha ya kwanza itafika 6, na ya pili itaendelea kushikilia 6 yake. Tutakuwa na vitu viwili vyenye namba moja, na mama mwingine njiani.

Nimekaa sana kwenye kisa hicho kwa makusudi. Orodha nyingi tunazoweka si mapambo. Ni mahitaji ya shule, ni siku za kliniki, ni bei za dagaa, ni hatua za kuomba kibali. Watu wanatoa hela na kufunga safari kwa kufuata orodha zetu.

Sasa nije kwa dada zangu wa Kibirizi, maana kisa cha pili ni cha biashara yenu.

Katibu wa kikundi kimoja cha wauza dagaa na mawese aliandaa bei kwenye Word. Alifanya kazi safi. Mbele ya kila bidhaa aliweka alama ya vema, ile ya kijani ambayo sote tunaipenda. Akakopi, akapesti kwenye tovuti ya kikundi, akafurahi. Baada ya siku mbili mteja wa Dodoma akapiga simu kuuliza: hii herufi u yenye nukta mbili juu yake ni daraja la dagaa?

Nendeni mkaangalie nyumbani, wengi mnayo. Mbele ya kila bidhaa palikuwa na ü. Ü Dagaa. Ü Migebuka. Ü Mawese. Na kwenye orodha ndogo za ndani palikuwa na alama ya § na herufi o, zimekaa peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni.

Zilitoka wapi? Word ya siku nyingi ilizoea kuchora alama zile kwa kutumia fonti maalumu inayoitwa Wingdings. Katika fonti ile, mahali pa herufi ü pamechorwa alama ya vema, na mahali pa § pamechorwa mraba mdogo. Kwa hiyo kilichoandikwa hasa ni ü. Fonti ndiyo iliyokuwa ikiivalisha sura ya vema. Ukiipeleka kwenye simu ya Android isiyo na Wingdings, nguo inavuka na herufi inabaki uchi. Ile o ni kisa hichohicho: kwenye Word ilikuwa kiduara kitupu kilichoandikwa kwa herufi ya kawaida kabisa.

Katibu alipoona hivyo akafanya nini? Alichagua mistari yote akabonyeza kitufe cha orodha. Sasa kila bidhaa ina kidoti cha tovuti na ü ya Word, viwili kwa pamoja. Ndiyo maana nasema tusianze na kupigana. Alileta amri ya pili wakati ya kwanza bado imesimama.

Niliketi naye tukafungua ule upande wa msimbo wa kihariri. Mbele ya neno Dagaa hapakuwa na orodha yoyote. Palikuwa na aya ya kawaida yenye jina MsoListParagraph, kisha ü, kisha nafasi tupu tano au sita zilizolazimishwa, kisha ndipo Dagaa. Lile neno Mso ni muhuri wa Microsoft Office. Ukiliona ndani ya ukurasa wako, umeshajua aliyetoa amri anatoka wapi.

Dawa ni kupesti maneno bila nguo. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl, Shift na V kwa pamoja. Kwenye simu, gusa na ushikilie, chagua kubandika maandishi matupu. Kama vyote vinagoma, pitisha maneno kwenye Notepad kwanza, kwa sababu Notepad haijui fonti wala rangi, inapokea maneno tu. Halafu futa ü zilizobaki, chagua mistari, ndipo ubonyeze kitufe cha orodha. Wanaotumia Google Docs, nanyi msijione mko salama. Ile huleta orodha ya kweli, lakini inaweza kukijaza kila kitu amri zake za ukubwa wa herufi na rangi, ndiyo maana orodha yako inakuwa na maandishi meusi madogo wakati ukurasa mzima ni wa maandishi makubwa ya kijivu. Dawa ni ileile.

Tumefika mahali penye utajiri zaidi. Vijana wa Ujiji, hapa ndipo penu.

Kijana mmoja wa Ujiji alitengeneza tovuti ya nyumba ya wageni. Akaandika huduma: kifungua kinywa, maji ya moto, usafiri kwenda stesheni, boti ya kutembea ziwani. Ndani ya kihariri vidoti vilikuwepo, vinaonekana vizuri. Kwenye tovuti yenyewe hakuna. Akabonyeza kitufe cha orodha tena. Ndani vipo, nje havipo. Akafuta akaandika upya. Ndani vipo, nje havipo. Siku tatu! Alikuja kwangu amekata tamaa, anataka kubadilisha tovuti nzima.

Nikamuuliza: ndani anatawala nani, na nje anatawala nani?

Hili ndilo watu wengi hawajaambiwa. Kihariri na tovuti ni vyumba viwili, na kila chumba kinaweza kuwa na daftari lake la amri za mapambo. Kihariri kinaonyesha vidoti kwa sababu daftari lake linasema vionekane. Tovuti inatumia daftari la themu, yaani lile vazi ulilochagua kuivalisha. Kama mtengenezaji wa themu hakuyapatanisha madaftari hayo mawili, utaona ndani harusi na nje msiba.

Niwapeleke kidogo kwenye asili ya madaftari haya, maana ukijua asili yake hayakuogopeshi. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, alipendekeza namna ya kutenganisha maneno ya ukurasa na mapambo yake. Desemba 1996 toleo la kwanza likapitishwa rasmi, nalo ndilo CSS. Wazo kubwa ndani yake ni kwamba amri hazitoki kwa mtu mmoja. Zinatoka kwa kivinjari, zinatoka kwa msomaji mwenyewe, zinatoka kwa mwenye tovuti, zote zinateremka na kukutana kwenye ukurasa mmoja.

Nenda Ilagala, simama kando ya Malagarasi kabla haujaingia ziwani. Chota ndoo moja. Maji hayo ni ya wapi? Yamo ya Moyowosi, yamo ya Ugalla, yamo ya vijito visivyo na majina. Ukiona maji yamechafuka pale Ilagala, kuyakoroga palepale hakusaidii. Unapanda juu, kijito kwa kijito, mpaka ujue tope limeingilia wapi.

Kijito cha kwanza ni kivinjari. Bila mtu kusema neno, kivinjari huipa orodha kidoti cheusi na kuisogeza ndani kwa pikseli 40. Orodha iliyo ndani ya orodha hupewa kiduara kitupu, na ya tatu ndani yake hupewa mraba. Shikeni hilo, linasaidia. Ukiona viduara vitupu mahali ulipotarajia vidoti vyeusi, mara nyingi orodha yako imeingizwa ndani ya nyingine kwa kubonyeza Tab bila kujua. Bonyeza Shift na Tab, itarudi nje.

Kijito cha pili ni themu. Watengenezaji wengi wa themu huanza kwa kufuta mapambo yote ya kivinjari ili wajenge ya kwao. Mtindo huo ulienea sana tangu Eric Meyer alipotoa daftari lake la kufuta mapambo mwaka 2007, na zana za sasa kama Tailwind nazo hufuta vidoti tangu mwanzo. Si kosa. Menyu ya juu ya tovuti kwa kawaida nayo ni orodha, na hakuna anayetaka menyu yenye vidoti. Tatizo ni pale mtengenezaji anapofuta kila mahali na kusahau kurudisha kwenye makala.

Sasa, mnapandaje mto? Nilimwonyesha kijana yule, nawaonyesha na ninyi. Weka kishale juu ya neno kifungua kinywa, pale nje kwenye tovuti, si ndani ya kihariri. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya. Chagua Kagua, kwenye kompyuta ya Kiingereza pameandikwa Inspect. Ukurasa unafunguka tumbo. Upande mmoja unaona gunia lako na vitu vyake. Upande wa pili unaona amri zote zinazoigusa orodha hiyo, zimepangwa, iliyo na nguvu iko juu. Zilizoshindwa zimekatwa mstari. Na pembeni ya kila amri, ndugu zangu, pembeni ya kila amri pameandikwa ilikotoka: ya themu ina jina la faili na namba ya mstari, ya kivinjari imeandikwa kwamba ni ya kivinjari. Amri imetiwa saini!

Tukasoma. Chini kabisa, amri ya kivinjari: kidoti cheusi. Imekatwa mstari. Juu yake, amri ya themu, faili la style.css: list-style, none, yaani orodha isiwe na alama. Maneno mawili tu. Kijana akanyamaza kabisa. Siku tatu zake zilikuwa ndani ya maneno mawili.

Kando ya amri ile pana kisanduku kidogo. Tulipoondoa tiki, vidoti vikarudi vyote palepale. Ukipakia upya ukurasa vitapotea tena, kwa sababu hapo unajaribu tu, huharibu kitu. Jaribuni bila woga.

Kilichofuata nacho kina somo. Kijana alifurahi, akakimbilia mahali pa kuongeza CSS, akaandika kwamba orodha zote ziwe na vidoti, akaongeza neno !important ili mtu asibishe. Tukafungua tovuti. Huduma zina vidoti. Menyu ya juu nayo ina vidoti. Viungo vya chini vina vidoti. Hata alama za Facebook na Instagram zimeota vidoti.

Mama akisimama mlangoni akasema "watoto wote nje", wote wanatoka. Akisema "Juma, wewe baki", Juma anabaki. Aliyetajwa kwa jina ndiye mwenye amri yake. CSS inafuata desturi hiyohiyo: inayotaja mahali hasa huishinda inayosema kwa jumla, na zikilingana nguvu, iliyosemwa mwisho hushinda. Basi usiwaite watoto wote. Mwite Juma. Kwenye themu nyingi za WordPress, mwili wa makala umewekwa ndani ya kisanduku kinachoitwa entry-content. Kwenye tovuti yako Kagua itakuonyesha jina lake. Kijana aliandika amri moja kwa .entry-content ul, maana ul ni jina la orodha ya vidoti kwenye msimbo: list-style iwe disc, yaani kidoti cheusi, na padding-left, yaani nafasi ya kushoto, iwe 1.5em. Vidoti vikarudi kwenye huduma, menyu ikabaki safi, na lile !important tukalitoa.

Kwa nini na padding? Kwa sababu kidoti kwa kawaida hukaa nje ya mstari, upande wa kushoto, ndani ya ile nafasi ya pikseli 40. Themu ikiifuta nafasi hiyo, kidoti kinasukumwa nje ya ukingo wa simu. Kipo lakini huwezi kukiona. Kwa hiyo kabla ya kusema kidoti kimefutwa, angalia kwanza kama hakijaanguka pembeni. Jambo la jirani yake: picha iliyowekwa kushoto, halafu orodha pembeni yake, vidoti vikapanda juu ya picha. Iambie orodha ile display iwe flow-root, itasogea yote kama ilivyo.

Mengine nitapita haraka. Ukiona kisanduku kitupu mahali pa alama ya vema, fonti ya alama haijafika. Mtandao ukiwa mzito hilo hutokea sana. Na ukirekebisha halafu usione mabadiliko, bonyeza Ctrl na F5 kabla hujagusa kitu kingine. Huenda unatazama nakala ya zamani iliyohifadhiwa, na wako waliotumia jioni nzima kurekebisha kilichokwisha kupona.

Bado nina jambo moja, na naomba utulivu.

Nina rafiki asiyeona. Anatumia kompyuta kwa kusikiliza, kwa programu ya NVDA, ambayo haiuzwi, na aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, naye ni mtu asiyeona. Siku moja nilikaa pembeni yake akisoma tangazo la ajira. Akifika kwenye orodha ya kweli, programu inamtangazia: hapa pana orodha, ina vitu saba. Anajua viko saba. Akibonyeza herufi L anaruka hadi orodha inayofuata. Akibonyeza I anaruka kitu kwa kitu.

Kisha tukafika kwenye ukurasa ambao mtu alipigana nao. Vistari kwa mkono, spesi kumi kumi. Programu haikusema orodha, kwa kuwa hapakuwa na orodha. Alisikia maneno yanapita mfululizo. Akaniuliza, "Sifa za mwombaji ni ngapi?" Zilikuwa tisa. Nilizihesabu kwa macho, yeye hakuwa na namna.

Ndugu zangu, ukiweka kistari kwa mkono umechora picha ya orodha. Mwenye macho ataridhika. Asiyeona hukumpa kitu.

Kwa wale wataalamu zaidi mliopo: kivinjari cha Safari, mkifuta vidoti kwa list-style none, VoiceOver, programu ya Apple inayowasomea wasioona, inaweza kuacha kuitangaza orodha hata kama msimbo wenu ni sahihi. Kama mmefuta vidoti kwa ajili ya urembo na orodha ni ya maana, iongezeeni role="list", itatangazwa.

Basi, umeme upo na mtandao leo uko vizuri. Fungueni kompyuta, wenye simu wakae na wenye kompyuta. Kila mmoja afungue orodha moja kutoka tovuti anayoitunza, aitazame kutoka nje, si kutoka ndani ya kihariri. Mwalimu, wewe uliyenitumia ujumbe jana usiku kuhusu fomu ya kidato cha kwanza, njoo hapa mbele na laptopu yako. Umeniambia namba zinaanza upya baada ya kitu cha nne. Tuanze na hiyo, wazazi wameshaanza kuipakua.